Kabla Kanisa Halijachimba Kisima Pweto

Kabla hujapiga simu Lubumbashi kuuliza bei ya mashine ya kuchimba, tembea. Chukua daftari, mchukue shemasi mmoja na mama mmoja anayeteka maji kila siku, mpite kijiji kwa kijiji katika eneo ambalo kanisa lenu linataka kulihudumia. Kila mnapokuta pampu iliyokufa, andikeni iko wapi, ni ya aina gani, nani aliileta, ilikufa mwaka gani na kwa sababu gani. Msiridhike mkiambiwa "iliharibika" tu. Ulizeni ni kitu gani kilichovunjika, nani alitumwa kukitafuta, na alirudi na nini. Mara nyingi mtakuta kilichoiua pampu ni mpira uliolika, mnyororo, au fimbo iliyoachana huko chini, na kilichoizika kabisa ni ugomvi wa fedha.

Pampu hizo si chache. Mwaka 2009 mtandao wa kimataifa wa wataalamu wa maji vijijini, RWSN, ulikusanya takwimu za nchi 20 za Afrika kusini mwa Sahara, ukakuta kwamba kati ya pampu 100 za mkono, 36 zilikuwa hazitoi maji. Nyingi kati ya hizo zilizinduliwa kwa ngoma na vigelegele, na si ajabu kama nyingine zilizinduliwa kwa maombi.

Wanaosoma Biblia wanakumbuka habari za Isaka katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26. Kabla hajachimba kisima kipya alivifukua kwanza vile vya baba yake, ambavyo Wafilisti walikuwa wamevijaza udongo, akaviita kwa majina yale yale aliyoyatumia baba yake. Huo ndio mpangilio ninaousihi kwa kila kanisa: fukua kwanza. Pampu iliyokufa kwa ajili ya mpira inaweza kufufuliwa kwa siku moja na mafundi wawili wenye spana, na shimo lake tayari lipo, limeshalipiwa. Najua ugumu wake. Ndugu wanaochanga kutoka Ubelgiji au Marekani wanatamani kuona maji yakiruka kutoka ardhini, na picha ya fundi anayebadilisha mpira haiwagusi vile vile. Waelezeni kwa unyofu, pamoja na hesabu: fedha ya kisima kimoja kipya inafufua vingapi vya zamani. Wengi wataelewa. Asiyeelewa, ni heri fedha yake isije.

Pweto ina tabu yake ya pekee. Mji umekaa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Mweru, pale maji yanapotoka na kuwa mto Luvua unaokwenda kukutana na Lualaba. Ziwa linalisha watu, linatoa chisense na samaki wengine wanaofika hadi masoko ya Lubumbashi, na maji yake yakitulia yanaonekana safi kiasi kwamba mtoto anayanywa kwa viganja bila wasiwasi. Lakini kipindupindu kinapenda maziwa. Mwaka 2008 mtafiti Mkongo Didier Bompangue na wenzake walichapisha kazi yao kuhusu maziwa kama chanzo cha milipuko ya ugonjwa huo katika nchi yetu. Kijidudu chake kinaishi majini, kinajishikiza kwenye vijidudu vingine vidogo vya ziwani, kinasubiri. Kwa hiyo mtu wa Pweto haugui kwa sababu ya uchafu wa nyumba yake peke yake. Anaweza kuugua kutokana na maji yale yale yanayomlisha, na ndiyo sababu mahubiri ya usafi bila chanzo kingine cha maji hayatoshi huku.

Kuna jambo jingine. Vita vya Desemba 2000 viliwavusha watu wa Pweto kwa maelfu hadi Zambia. Miaka iliyofuata wengi walirudi, kisha mashambulizi ya wanamgambo wa Mai-Mai katika pembetatu ya Manono, Mitwaba na Pweto yakawasukuma wengine kuelekea ziwani. Idadi ya watu iliyoandikwa kwenye karatasi ya zamani ya utawala ni ya kijiji kingine kabisa. Hesabuni kaya wenyewe, wakimbizi wa ndani wakiwemo, hata wale wanaolala chini ya turubai na ambao shefu hajawaandika. Kanuni za Sphere, zinazotumiwa na mashirika ya misaada duniani kote, zinapanga watu wasiozidi 500 kwa pampu moja ya mkono, watu 250 kwa bomba moja, na angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Kijiji cha watu 1,400 mkikipa pampu moja, mmekipa foleni, na aliyechoka na foleni atarudi ziwani.

Nenda mwezi wa Septemba au Oktoba, mvua zikiwa bado. Hilo ni sharti. Chemchemi inayobubujika mwezi wa Machi inaweza kuwa tope tupu ifikapo Oktoba, na kisima kilichochimbwa Februari kikaonekana kimejaa kinaweza kukauka kabla mwaka haujaisha. Waulize akina mama, si wazee wa baraza: "Mama, kiangazi kikikaza mnateka wapi?" Jibu la swali hilo lina thamani kuliko ripoti ya mtaalamu aliyekuja mara moja kwa gari na kuondoka jioni.

Mkipata chemchemi, msiiache kwa ajili ya mashine. Upande wa magharibi wa ziwa kuna milima, na mlima ukitoa maji umewapa pampu isiyohitaji mpira, mafuta wala jua. Huko Meru, Kenya, bruda Giuseppe Argese wa Shirika la Consolata aliona kwamba ukungu unaogandamana kwenye msitu wa vilima vya Nyambene unazama ardhini, akautafutia njia. Alianza kwa ajili ya watoto wenye polio waliotunzwa Tuuru, na mwishowe mabomba yakaenea zaidi ya kilomita 200, yakibeba maji kwa mteremko tu. Watu walimwita Mukiri, yaani mtu mkimya. Kilichofanya kazi yake idumu ni kwamba maji yanashuka yenyewe. Kinachotakiwa ni watu wa kulinda msitu na kuziba mabomba yanayovuja.

Kupima chemchemi kunahitaji ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Yakusanye maji yote yapite kwenye jani la mgomba au kipande cha bomba, weka ndoo chini, hesabu sekunde. Rudia mara tano uchukue wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 100, chemchemi inatoa lita 0.2 kwa sekunde, yaani lita 17,280 kwa siku nzima. Kwa lita 20 kila mtu, hiyo inatosha watu 864. Lakini angalia: watu hawateki usiku. Bila tangi, nusu ya maji hayo yanapita watu wakiwa wamelala. Tangi la lita 9,000 linaloshika maji ya usiku litafanya chemchemi ile ile ihudumie watu mara mbili, na kulijenga ni kazi ya mwashi wa kawaida wa kijijini akiwa na saruji na nondo.

Kuikinga chemchemi ni kazi ya mikono na subira. Chimbeni mkifuata maji kuelekea mlimani mpaka mlione jicho lenyewe, maji yakitoka kwenye tabaka gumu na si kwenye udongo mweusi wa juu. Jengeni ukuta mdogo mbele yake, jazeni nyuma ya ukuta mawe yaliyooshwa vizuri, funikeni mawe kwa plastiki nene, kisha udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, kisha udongo wa kawaida na majani. Bomba la kutolea maji lipite ukutani chini ya usawa wa jicho. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wakitaka maji yapande juu zaidi wanaliweka bomba juu, maji yanasukumana nyuma ya ukuta, na chemchemi inatafuta njia nyingine chini ya ardhi. Ikishaondoka, hairudi kwa maombi wala kwa saruji. Juu ya jicho, mita 10 hivi kwenda mlimani, chimbeni mfereji wa kukinga maji ya mvua yasiingie, na zungusheni ua ili ng'ombe na mbuzi wasikanyage. Choo chochote kiwe mbali, mita 30 kwa uchache, na kisiwe upande wa juu.

Msisahau mihogo. Chini ya chemchemi nyingi kuna vidimbwi ambamo akina mama wanaloweka mihogo siku tatu au nne kabla ya kuianika na kuitwanga kwa ajili ya ugali wa bukari. Mradi ukifika na kuvifukia vidimbwi hivyo kwa jina la usafi, mmewanyang'anya chakula, na watavifungua tena pale pale penye jicho. Maji ya ziada yanayomwagika kutoka kwenye tangi yaongozeni kwa mfereji hadi kwenye vidimbwi vipya vilivyojengwa mahali pa chini, pamoja na jiwe la kufulia nguo. Kina mama wakishirikishwa kupanga sehemu hiyo, ndio watakaoulinda mradi wote.

Pasipo na chemchemi, ndipo mchimbe. Kwa kisima cha mkono, chimbeni mwisho wa kiangazi hadi maji yazidi nguvu ya wachimbaji, shusheni pete za zege, na mita tatu za juu kabisa zizibwe vizuri ili maji machafu yasipenye ubavuni. Kwa kisima cha mashine, muandike kwenye mkataba kwamba pampu itajaribiwa saa nyingi mfululizo huku kina cha maji kikipimwa, na kwamba shimo lisilotoa maji ya kutosha halilipwi bei nzima. Mkandarasi mwaminifu hatakataa.

Kisha fanyeni jaribio la chai. Chemsheni chai kali, mchanganye kikombe kimoja na maji ya kisima. Chai ikigeuka nyeusi kama wino, maji yana chuma kingi. Hayataua mtu, lakini yatatia nguo kutu na kubadili ladha ya chakula, na kaya moja baada ya nyingine zitarudi ziwani bila kuwaambia neno. Mara nyingi chuma hicho hakitoki ardhini. Kinatoka kwenye mabomba ya pampu yenyewe, ambayo maji yenye asidi yanayatafuna. Kwa hiyo pimeni asidi kabla ya kununua mabomba, na pH ikiwa chini ya 6.5 msitumie yale ya chuma kilichopakwa zinki. Chukueni ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu.

Aina ya pampu ichaguliwe kwa kuangalia barabara. Kutoka Lubumbashi hadi Pweto, kupitia Kasomeno, ni zaidi ya kilomita 400, na mvua zikianza Novemba lori linaweza kukaa kwenye tope siku kadhaa. India Mark II ni imara, lakini kuinyanyua kunahitaji vifaa vizito na fundi aliyefundishwa. Afridev haiendi chini sana, mita 45 hivi, ila iliundwa ili watu wa kijiji waifungue wenyewe. Ushauri wangu ni kwamba eneo zima litumie aina moja, hata kama mfadhili mpya anapendelea nyingine. Wamethodisti, Wakatoliki wa jimbo la Kilwa-Kasenga, kanisa la Garenganze na Wapentekoste wakae meza moja wakubaliane. Kila dhehebu likileta pampu ya nchi yake, hakuna duka la Pweto litakaloweka vipuri vyote. Wakiwa na aina moja, mfanyabiashara mmoja mwenye kibanda sokoni anaweza kuweka mipira, fimbo na minyororo pembeni ya sabuni na chumvi, akapata faida yake, na kijiji kikapata kipuri siku hiyo hiyo. Kanisa linaweza kumkopesha akiba ya kwanza. Lisigeuke duka lenyewe.

Pampu za jua zimeanza kuvuta macho ya watu. Zinafaa mjini, penye fundi wa umeme na ulinzi wa usiku. Kijijini, kisanduku kinachoziongoza kikiungua, hakuna atakayekitengeneza kwa spana.

Mahali pa kuweka pampu ni swali la imani kuliko la ufundi. Misioni za kwanza za huku zilikusanya watu kwao. Dan Crawford, Mskoti wa Garenganze aliyejenga Luanza kando ya Mweru katika miaka ya 1890, alipewa jina la Konga Vantu, mkusanyaji wa watu. Sisi wa leo tunahitaji njia iliyo kinyume: maji yaende walipo watu. Msiiweke pampu ndani ya ua wa parokia wala chini ya dirisha la mchungaji, kwa sababu ufunguo wa geti utakuwa ufunguo wa maji. Mwislamu, Mkimbangu, mtu wa mizimu na mtu aliyefukuzwa ushirika mwaka jana wote wapite bila kusalimu mtu kwanza. Kanuni za mwenendo za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada za mwaka 1994 zinasema msaada usitumiwe kuendeleza msimamo wa kidini, na Mkristo hana haja ya kuona hilo kama kizuizi. Yesu pale kisimani Samaria alianza kwa kuomba maji kwa mwanamke ambaye Wayahudi hawakuchangamana na watu wake.

Kabla ya jembe la kwanza, nendeni kwa shefu mkiwa na wazee, mpate barua yenye muhuri inayosema kiwanja ni cha maji ya watu wote. Mwenye shamba la hapo atie sahihi naye, maana yeye akifa watoto wake watakuja kudai. Nakala moja ipelekwe kwenye ofisi ya teritwari, nyingine kwenye eneo la afya, ambako kuna msimamizi wa maji na usafi anayejua vijiji vilivyougua. Sheria namba 15/026 ya 31 Desemba 2015 kuhusu maji imeipa mikoa na serikali za chini nafasi katika huduma hii, kwa hiyo msifanye kazi kama wageni wanaojificha.

Kamati iwe na watu saba hivi, angalau wanne wanawake, na mweka hazina awe mwanamke anayeishi hatua chache kutoka kwenye pampu. Mchungaji asiwe mwenyekiti, kwa sababu mchungaji atahamishwa. Michango ianze kukusanywa kabla pampu haijawekwa. Kijiji kisichoweza kukusanya fedha kikiwa na kiu hakitazikusanya kikiwa na maji. Fanyeni hesabu mbele ya watu wote: kaya 80, kila moja faranga 500 kwa mwezi, ni faranga 40,000, na kwa mwaka ni 480,000. Hapo ulizeni bei ya mipira na fimbo sokoni siku hiyo, muone kama inatosha, na kama haitoshi pandisheni kiasi siku hiyo hiyo. Wasio na fedha miezi ya mvua walipe kwa mahindi au samaki wakavu baada ya mavuno. Wajane na wazee wasio na mtu wasamehewe kwa majina yaliyosomwa hadharani, ili msamaha usiwe siri ya mweka hazina. Daftari lifunguliwe kila mwezi mbele ya watu, na salio liandikwe kwa chaki kwenye ukuta wa shule.

Mafundi wawili wafundishwe, na mmoja awe mama mwenye mji wake hapo. Vijana tunaowafundisha ufundi wanaondoka kwenda migodini, na siwalaumu. Siku ya mafunzo wafungue pampu nzima na kuirudisha mara tatu, wa mwisho akifanya bila mwalimu kusema neno.

Haya yote yanachukua mwaka au zaidi, na kipindupindu hakingoji. Kwa hiyo wiki hii hii wekeni meza ufukweni, pale watu wanapoteka. Nunueni klorini ya unga, HTH yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70. Gramu 15, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chakula, zitiwe kwenye lita moja ya maji safi: unga uingie kwenye maji, mahali penye hewa, mikono ikiwa na glavu, watoto wakiwa mbali. Hiyo ni dawa ya asilimia moja. Iwekwe kwenye chupa ya plastiki isiyopitisha mwanga, na baada ya wiki moja imwagwe. Maji ya ziwa yachujwe kwanza kwa kitambaa kikuukuu cha kitenge kilichokunjwa mara nne. Huko Bangladesh Rita Colwell na wenzake walichapisha mwaka 2003 kwamba kuchuja kwa sari iliyokunjwa hivyo kulipunguza kipindupindu karibu kwa nusu. Kisha kwa kila bidoni ya lita 20 tieni mililita 4 za dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mfunge, mtikise.

Baada ya nusu saa chukueni maji kidogo, mtie kidonge cha kupimia: rangi ya waridi ikionyesha miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, maji yako tayari. Yasipobadilika rangi, ongezeni dawa kidogo kwenye bidoni zinazofuata, maana maji yenye tope yanaila klorini. Anayekaa mezani awe mtu anayejua majina ya watu, mwenye uvumilivu wa kurudia neno moja asubuhi nzima kwa kila mama anayetwika bidoni yake: mama, umeteka saa kumi na mbili, watoto wasinywe kabla ya saa kumi na mbili na nusu.